Nani Anajua Nini, na Lini



Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mchezo usiokuwa na uwanja wala mpira. Watu wanne au watano wanaketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye ndiye mwenye kitabu. Wengine kila mmoja amembeba mtu wa kubuni: huyu ni mwandishi wa habari, yule daktari, yule mwingine baharia aliyeacha kazi. Msimulizi anaeleza walipo na wanachokiona. Wachezaji wanasema wanafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litawezekana, kete zinarushwa. Kisa kinasonga hivyo, jioni baada ya jioni, na vipo visa vinavyochukua mwaka mzima kumalizika. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Tangu hapo vimeandikwa vitabu vingi mno vya visa, na kwa miaka mingi waandishi wake walitarajia jambo moja: kwamba wachezaji wataonana uso kwa uso, na karatasi itatoka mkono huu kwenda mkono ule.

Siku hizi meza hiyo mara nyingi haipo. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Nairobi, mwingine Muscat, mwingine alishahamia Minneapolis na watoto wake. Wanakutana kwenye simu na kompyuta. Basi swali langu la leo ni hili: kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya meza unakihamishaje mpaka mtandaoni kisife njiani? Nina jibu ninaloliamini kwa dhati. Kinachotakiwa kuhamishwa ni mpangilio wa siri: nani anajua nini, na anakijua lini. Ukiuhamisha huo, umekihamisha kisa. Ukiuacha, hata uwe na picha nzuri kiasi gani, umebaki na picha.

Nitatumia kitabu kimoja tu, kwa sababu ushauri wa jumla jumla haumsaidii mtu anayetaka kuanza kesho. Kitabu chenyewe kinaitwa Masks of Nyarlathotep. Nimekichagua kwanza kwa kuwa wachezaji wengi wa dunia hii wanakihesabu miongoni mwa visa bora vilivyowahi kuandikwa kwa ajili ya meza. Pili, sura yake moja nzima inatokea Kenya. Natoa tahadhari mapema kwamba nitafichua baadhi ya siri zake. Kama kuna msimulizi aliyekuahidi kisa hiki, ni afadhali uniache kwa leo, tukutane kipindi kijacho.

Kitabu hiki kilitolewa mwaka 1984 na kampuni ya Chaosium, iliyokuwa California wakati huo. Mtunzi wake, Larry DiTillio, alikuwa mwandishi wa vipindi vya televisheni, na alikitengeneza pamoja na Lynn Willis. Kanuni zake ni za mchezo uitwao Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutoka mwaka 1981, ambao umejengwa juu ya hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Katika mchezo huu mhusika wako hana upanga wa ajabu. Ana kazi yake, ana ujuzi wake, na ana akili timamu inayohesabiwa kwa namba. Kila anapoona jambo lisiloelezeka, namba hiyo inaweza kupungua. Kete ni mbili, zenye pande kumi kila moja, zinazosomwa kama asilimia: ukipata namba isiyozidi kiwango cha ujuzi wako, umefaulu.

Kisa kinakwenda hivi. Mwaka 1919 tajiri kijana wa New York, Roger Carlyle, anaongoza msafara unaopita London na Cairo, kisha unaingia Kenya na kuangamia huko. Mwaka 1925 mwandishi mmoja, Jackson Elias, anagundua kwamba yaliyotangazwa magazetini hayakuwa kweli. Anawaita rafiki zake wamkute hotelini New York. Wanapofika, wanakuta ameshauawa. Chumbani mwake wanaokota barua iliyoandikwa Cairo, barua ya mkutubi wa Harvard, kadi ya mfanyabiashara, picha isiyoonekana vizuri ya meli ya kifahari, na kiberiti chenye jina la baa moja ya Shanghai. Kila kitu kinaelekeza upande wake. Hakuna njia moja iliyopangwa. Wachezaji wenyewe wanaamua kama wataanzia London, Cairo, Nairobi au Shanghai. Sura ya Australia ilikatwa mwanzoni, ikaingizwa kitabuni katika toleo la 1996. Toleo la 2018 limefika kurasa zaidi ya 600 na kuongezewa sura ya Peru.

Sasa mtu amenunua kitabu hiki, anataka kukicheza mtandaoni. Anaanza na nini? Nimeona wengi wanaanza na ramani. Programu za kazi hii zipo kwa muda mrefu: Fantasy Grounds tangu 2004, Roll20 tangu 2012, Foundry tangu 2020. Zote zinakuwezesha kuweka ramani ya jengo, kuifunika giza, na kulifungua giza hilo kidogo kidogo kadiri alama ya mchezaji inavyosogea. Ni kazi ya kuvutia kweli. Unachora kuta, unaweka taa, unapima madirisha, na usiku unakwisha. Kwa mchezo wa mapigano ya hatua kwa hatua, jasho hilo lina faida. Kwa Masks, sehemu kubwa ya jasho hilo inapotea. Wapelelezi katika kisa hiki, yaani wahusika wa wachezaji, wanashinda kwenye maktaba, ofisi za magazeti, maduka ya vitu vya kale na vyumba vya wagonjwa. Hakuna anayehitaji kujua kiti cha mkutubi kiko umbali gani kutoka mlangoni. Anahitaji kujua kwa nini mkutubi ameshtuka kusikia jina la kitabu fulani.

Turudi kwenye kile kiberiti, kwa sababu kwangu mimi ndicho kinachoeleza kila kitu. Mezani, msimulizi aliyejiandaa anatoa kiberiti halisi, kimebandikwa jina la baa. Mtu mmoja anakipokea. Anakigeuza. Anakifungua. Wenzake wanamtazama usoni wakisubiri aseme. Kwa sekunde kadhaa, kuna mtu mmoja anayejua na wengine wasiojua, na ndani ya sekunde hizo ndimo mchezo ulimo. Anaweza kukitupa mezani kila mtu aone. Anaweza kukitia mfukoni. Anaweza kusema, "Ni kiberiti tu," halafu akabadilisha mada.

Mtandaoni, msimulizi asiyefikiri anaitupa picha ya kiberiti kwenye skrini ya wote. Macho ya wote yanaiona kwa wakati mmoja. Yule anayesoma haraka kuliko wenzake ameshasema jina la baa kabla mwingine hajamaliza kupakua picha kwa bando lake dogo. Hakuna aliyekishika. Tumepata picha iliyo nzuri pengine kuliko ile ya karatasi, na tumepoteza zile sekunde.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu. Mtumie mchezaji mmoja peke yake. Programu zote hizi zina njia ya ujumbe wa faragha, na hata usipozitumia, simu yako inayo. Mwambie: "Umeinama, umekiokota." Kisha nyamaza. Mwache aamue. Kama ni barua, isije kwa wote. Imwendee mmoja, naye aisome kwa sauti yake mwenyewe. Utashangaa jinsi watu wanavyosoma. Huyu ataruka sentensi inayomtia mashaka rafiki yake. Yule atasoma jina vibaya, na kosa hilo litawapeleka mtaa usiokuwa wenyewe. Mwingine atasoma neno kwa neno, taratibu, na sauti ikaanza kumtetemeka afikapo mwisho. Hayo yote hayamo kitabuni, na hayawezi kutokea kama barua imeangukia macho ya wote kwa pamoja.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lazima nilitaje, kwa sababu ndilo linaloharibu jioni za watu. Vielelezo vya Masks ni maarufu kwa uzuri wake. Barua zimeandikwa kwa mwandiko wa mkono uliolala, vipande vya magazeti vina safu nyembamba za herufi ndogo. Ukiwa na karatasi mkononi, unaisogeza kwenye taa. Ukiwa na simu janja, herufi hizo hazisomeki, na wachezaji wetu wengi wako kwenye simu. Kwa hiyo kila kielelezo kitengenezee nakala ya pili: maandishi ya kawaida, makubwa, mistari michache. Ipunguze picha ya asili ukubwa ili isimalize bando la mtu. Barua ndefu ikate mara mbili, na nusu ya pili uitoe pale tu watakaposema wanaendelea kusoma. Fikiri pia juu ya lugha. Kama kundi lenu linacheza kwa Kiswahili, barua ile itafsirini kabla ya siku ya mchezo, na mtafsiri awe msimulizi, kwani mtu anayetafsiri papo hapo huku wenzake wanasubiri hawezi kuogopa.

Sasa niingie kwenye sauti, na hapa nazungumza kama mtu wa redio. Sisi tuliokulia na michezo ya redio tunajua kwamba mlango ukifungwa nyuma ya mtu, msikilizaji anakiona chumba chote. Mchezo wa mtandaoni, kamera zikiwa zimezimwa ili kuokoa intaneti, ni mchezo wa redio ambao wasikilizaji wake ndio waigizaji. Kanuni zetu zinafanya kazi huko. Sauti moja kwa wakati mmoja. Tukio moja lisiwe na wasemaji wengi, kwa sababu laini ya intaneti hukata sauti zinazogongana na wote wakapotea. Msimulizi amtaje mtu kwa jina la mhusika wake kabla ya kumwuliza anafanya nini. Mezani jicho linatosha, lakini hapa jicho halipo.

Muziki wa nyuma usiokoma mimi siupendi. Unachosha sikio na unakula sauti za watu. Ni bora sauti moja iliyochaguliwa, iwekwe mahali pake: honi ya meli bandarini, garimoshi linaloanza kuvuta, mvua juu ya bati. Na ukitaka sauti hiyo isikike, usiichezeshe kwenye spika ukatarajia maiki yako iinase. Programu nyingi za mazungumzo zina kichujio kinachofuta kila kelele isiyo sauti ya mtu, na mvua yako itafutwa kabla haijamfikia yeyote. Ipitishe moja kwa moja kutoka kwenye faili.

Kuna pia suala la kimya. Wazee wetu walipotoa hadithi, msimulizi alisema "Paukwa!" na watu wakaitika "Pakawa!" Mwitikio ule ulimpa habari. Alijua nani amelala, nani anaogopa, nani amechoka. Msimulizi wa mtandaoni hana mwitikio huo. Anazungumza na giza. Anapokutana na kimya, hushindwa kujua kama watu wameshikwa na hofu au umeme umekatika. Wakubaliane basi tangu mwanzo juu ya ishara ndogo, hata neno moja la kuandika, ya kusema niko hapa, ninasikia. Na kwa kuwa umeme hukatika kweli, kila mhusika awe na sababu yake ya kuondoka ghafla ambayo haitaharibu kisa: ana malaria inayomrudia, ana kikao kazini, ana mtu wa kumtazama. Mchezaji akipotea hewani, mhusika wake anajitenga kwa heshima, na wenzake wanaendelea.

Kete nazo zina siri yake. Mezani, msimulizi hurusha nyuma ya kizuizi cha karatasi, na wachezaji hawazioni lakini wanazisikia. Ule mlio peke yake ni habari: kuna jambo linapimwa na hatujui ni jambo gani. Mtandaoni msimulizi akirusha kwa siri, hakuna anayesikia chochote, na hofu ile inakufa bila mtu kugundua. Basi atamke: "Narusha kete kwa ajili ya daktari." Asieleze zaidi. Wachezaji wataanza kutafuta wenyewe daktari amekosa kuona nini.

Na sasa Kenya. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu sura hii ni yetu, na mtu anayejua Kiswahili akiihamisha anaweza kufanya kitu ambacho wenzake wa Chicago au London hawawezi.

Katika kisa, baada ya msafara wa Carlyle kuangamia karibu na msitu wa milima ya Aberdare, ambayo wenyeji waliiita Nyandarua, serikali ya kikoloni inahitaji wahalifu haraka. Wanakamatwa wanaume wa Kinandi, wanahukumiwa, wananyongwa. Wachezaji wanalipata hilo kama kipande cha gazeti, mistari michache, halafu kisa kinaelekea kwa watu wenye hatia ya kweli, ambao ni wafuasi wa dhehebu la siri. Lakini mtu wa Afrika Mashariki akikisoma kipande kile, anasimama. Nandi iko magharibi ya Bonde la Ufa. Nyandarua iko mashariki yake. Wanandi walipigana na Waingereza miaka kumi na zaidi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Mwaka 1923, miaka miwili tu kabla ya kisa chetu kuanza, Barsirian arap Manyei, kiongozi mwingine wa Wanandi, alikamatwa, naye akawekwa kizuizini mpaka 1964. Kwa hiyo mtawala aliyehitaji watu wa kulaumiwa mwaka 1919, na akawachagua Wanandi, hakuwa anabahatisha. Mwandishi wa 1984 aliligusa jambo hili akapita. Nasi hatuna sababu ya kupita.

Ona pia kwamba upande wa New York kuna Hilton Adams, mtu mweusi anayesubiri kuuawa na serikali kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mara mbili katika kitabu kimoja, mtu mweusi anabebeshwa damu iliyomwagwa na dhehebu hilo. Toleo la 2018 lilijitahidi kuwapa watu kama hawa uzito zaidi, na nalishukuru. Hata hivyo Waafrika wengi tunaokutana nao kwenye sura ya Kenya bado wanatazamwa na jicho la mgeni aliyeshuka melini jana.

Mchezo wa mtandaoni unatupa nafasi ya kuirekebisha hali hii, na tunaifikia kwa njia ileile ya siri. Mchezaji mmoja mpe kipande cha gazeti, kwa Kiingereza kile cha majivuno cha wakati ule. Mchezaji wa pili mtumie ujumbe wa sauti, dakika moja, sauti ya mtu wa sokoni Nairobi akisimulia kwa Kiswahili alichosikia: kwamba wale walionyongwa hawakuwahi hata kufika upande ule wa bonde. Usiwaambie kwamba habari hizi mbili zinapingana. Waache wakutane, kila mmoja aseme anachokijua, na ugomvi uzuke wenyewe. Sauti hiyo irekodiwe na mtu ambaye hayumo mchezoni, shangazi au jirani, ili isitambulike kuwa ni ya msimulizi. Hakuna kitabu kilichochapwa kinachoweza kukupa hilo.

Halafu kuna lugha yenyewe ndani ya kisa. Kundi linalocheza kwa Kiswahili lina tatizo la kupendeza: wahusika kutoka New York wanasemezana Kiingereza ambacho sisi tunakisikia kwa Kiswahili, kisha wanafika Mombasa ambako watu wanasema Kiswahili cha kweli. Utatofautishaje? Programu za mazungumzo zinakuruhusu kufungua chumba cha pembeni. Wenyeji wanapozungumza, wachezaji ambao wahusika wao hawajui Kiswahili wapeleke kwenye chumba hicho. Wao wapate mstari mmoja tu wa maandishi unaoeleza kinachoonekana: mzee ametikisa kichwa, vijana wawili wameondoka kwa haraka. Anayejua lugha abaki, asikie yote, kisha arudi kwa wenzake kama mkalimani na aamue afasiri nini. Mkalimani katika koloni alikuwa na uwezo mkubwa kuliko cheo chake. Mchezaji akishapewa nafasi hiyo anaitambua mara moja, bila kufundishwa historia.

Na kwa nini tuanzie New York? Kitabu kinaruhusu kuingia kutoka pembe nyingi, na faili zikiwa mikononi mwako unaweza kuzipanga upya. Anzieni Nairobi. Mwaka 1925 mji ule ulijaa watu wanaofaa kuwa wapelelezi. Yuko aliyerudi hai kutoka jeshi la wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, lile lililotuachia jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Anaijua njia ya kila msitu na hana imani na afisa yeyote. Yuko askari wa zamani wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles. Yuko karani wa reli kutoka Goa, ambaye mizigo yote inapita mbele ya macho yake. Yuko mama mwenye nyumba za kupangisha Pangani ya Nairobi, na wapangaji wake ndio magazeti yake. Kila mmoja anabeba kipande cha ukweli, na wanaume wa Kiafrika kati yao wana kipande kingine, kile cheti cha utambulisho, shingoni au mfukoni, kwa maana walilazimishwa kutembea nacho na polisi waliweza kuwasimamisha popote. Hiyo peke yake inabadilisha upelelezi wote. Mzungu wa kitabuni anaingia ofisi ya serikali na kuuliza maswali. Mpagazi wetu wa zamani atapita wapi?

Kitabu chenyewe kimemweka Nairobi kijana aitwaye Johnstone Kenyatta. Ndiyo, ni yeye yule. Miaka ile alikuwa akifanya kazi idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, na jina la Jomo lilikuwa bado. Kisa kinamtumia kama mtu anayeweza kuwapeleka wapelelezi kwa mzee mwenye maarifa ya zamani. Nawasihi wasimulizi wamtendee kwa uangalifu. Msimpe hotuba ambayo hakuitoa. Mpeni sentensi chache, aulize maswali mengi kuliko anavyojibu, na wachezaji wajue kwamba mji huu una kumbukumbu mbichi: Machi 1922 watu walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi walipokuwa wakidai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe, na mwaka 1925 Thuku bado yuko uhamishoni. Mtu akinong'ona katika mji huo, ana sababu.

Nimezungumza kana kwamba wote wanaweza kuwa hewani wakati mmoja. Hawawezi. Saa mbili usiku Dar es Salaam ni saa tatu usiku Muscat, na Minneapolis ni karibu saa sita mchana, watu wako kazini. Kile kikao kirefu cha meza, kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, kikatwe kiwe saa mbili au tatu, na kiishe pale penye uamuzi, wala kisisubiri jibu. Yaliyobaki yafanyike katikati ya juma, kwa maandishi. Na kisa cha 1925 kinatusaidia sana hapo, kwa sababu wahusika wake nao walikuwa mbalimbali na walitegemea simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa neno. Wekeni sheria: telegramu isizidi maneno kumi. Aliyeko Mombasa anamwandikia aliyeko Cairo, na ufupi unazaa utata wa kutosha kuendesha kikao kinachofuata. Msimulizi naye apate siku za kufikiri jibu. Mezani hakuwahi kuwa nazo.

Neno juu ya haki. Kitabu kinunuliwe. Kupiga picha kurasa na kuzisambaza kwenye makundi ya simu ni kumnyang'anya aliyefanya kazi, na wachoraji na waandishi wa vitabu hivi si matajiri. Ulichotengeneza wewe, tafsiri zako, sauti zako, barua zako za wahusika wa Pangani, kitumie na kundi lako.

Kwa asiyewahi kucheza, Masks ni mlima mrefu mno wa kuanzia. Chaosium hutoa bure kijitabu cha kanuni za mwanzo, na ndani yake kuna kisa kifupi kiitwacho The Haunting: nyumba moja Boston, miaka ya 1920, na mwenye nyumba anayetaka kujua kwa nini wapangaji hawakai. Kabla ya kuingia nyumbani humo, wapelelezi hutafuta habari kwenye gazeti, maktaba na mahakama. Gawa habari hizo usiku mmoja kabla ya mchezo, kwa ujumbe wa faragha, kila mchezaji apate yake na asijue ya mwenzake. Kikao kikifunguliwa, watangazie kwamba wako mkahawani mkabala na nyumba, mvua inanyesha, na mwenye funguo atafika baada ya robo saa. Kisha zima maiki yako, uwasikilize wakihojiana.